Tusiwaache Wazazi Mlangoni

Mtoto akishikwa na homa, jirani huja na uji, wala mama hapati taabu kueleza aendako anapomchukua mwanawe kwenda hospitali. Lakini mtoto huyo huyo akigubikwa na huzuni isiyokwisha, akaacha kula, akaogopa skuli, au akalia usiku bila ya sababu ya kuonekana, nyumba nzima hunyamaza. Mzazi husema mtoto amekwenda kwa shangazi yake, kumbe amempeleka kwa mtaalamu wa maradhi ya akili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunauliza: ni nani amlazimishaye mzazi huyo kuficha?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana maradhi ya akili ya namna moja au nyengine. Hatuna sababu ya kudhani kuwa visiwa vyetu vimesalimika.

Miongoni mwa tiba za maradhi hayo imo tiba ya mazungumzo. Mtoto hukaa na mtaalamu, wiki baada ya wiki, akieleza, au hata akichora na kucheza, yale yaliyomlemea moyoni. Tiba hii haina sindano wala chupa ya dawa, na hapo ndipo mtihani wa mzazi unapoanza.

Kwanza, huambiwa asubiri nje. Mama huona mtu baki anaelezwa siri ambazo yeye hakuambiwa, na roho humuuma. Siri hiyo si dharau kwake. Mtoto asiyekuwa na hakika kuwa maneno yake yatahifadhiwa hatasema, na asiposema ni vigumu kumtibu. Mtaalamu naye ana wajibu wa kumweleza mzazi mwenendo wa tiba, na kumjulisha bila ya kuchelewa pindi maisha ya mtoto yakiwa hatarini.

Pili, nafuu huja polepole. Pengine mtoto huzidi kulia katika wiki za mwanzo, kwani kidonda kinaguswa. Baba husema wakati unapotea, bibi hutaka mtoto akaandikiwe kombe, na mama hubaki katikati. Sisi hatuoni ugomvi baina ya dua na daktari. Kosa ni kumkatizia mtoto tiba aliyokwisha kuianza kwa sababu watu wazima hawakukubaliana.

Tatu ni masafa. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu iko mjini Unguja. Mzazi wa Micheweni anayetakiwa kumfikisha mwanawe huko hana budi kuvuka bahari, akiacha kazi yake na watoto wengine nyumbani. Safari moja huvumilika. Safari ya kila wiki kwa miezi kadhaa huwashinda wengi.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imewekwa kwa ajili ya ustawi wa watoto wote, wa mjini na wa mashamba. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa afya wazidishe wataalamu wa tiba hii Pemba na katika vituo vya mashamba, na kila mtaalamu atengewe saa ya kuonana na wazazi, siyo watoto peke yao. Waajiri, ikiwa ni pamoja na maofisi ya Serikali, wampe ruhusa mzazi mwenye miadi ya mtoto bila ya kumtaka aeleze maradhi yenyewe mbele ya watu. Walimu nao wasimhesabu mtoro mtoto aliyekwenda kutibiwa.

Ama sisi wananchi, tuache kulifanya jina la Kidongo Chekundu kuwa mzaha wa barazani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uji wa jirani haukuwekewa homa peke yake.