Wadudu Wadogo wa Maji, na Habari Wanayotupa

Ninyi watu wa vijiji vya Katanga, munawajua wale wadudu wadogo wenye kufanana na mbu, wanaokusanyika jioni juu ya maji kama moshi, kisha wanafuata taa mpaka ndani ya nyumba. Wengi wanawaua kwa kuzani ni mbu. Lakini hawa hawaumi. Dume ana manyoya kichwani, na maisha yake katika hewa ni siku chache tu. Wakati mwingi wanakaa ndani ya maji, wakiwa funza.

Kila namna ina makao yake. Penye mawe na maji ya kasi, funza ni wembamba, rangi ya majani ao ya udongo, wameshikamana na jiwe. Katika matope laini ya maziwa ya Upemba, ao ya ziwa Tshangalele lililotokea kwa bwawa la Lufira mwaka 1930, kuna funza wekundu. Wekundu huo ni damu kweli: inashika hewa kidogo iliyo katika matope, kwa hiyo wanaishi mahali ambapo wadudu wengine wanakufa. Wanajijengea bomba la matope, na kambale wanawatafuta humo. Kuna hata namna moja ya Afrika inayokaa katika vishimo vya mwamba: maji yakikauka, funza anakauka naye, mvua ikirudi, anaamka.

Sasa muangalie mito yenu. Mto Panda unapita Likasi penye viwanda vya shaba, na maji yake yanafika Tshangalele. Shaba na kobalti zimeonekana katika matope ya ziwa hilo. Chukueni matope kidogo, muyasafishe katika kitambaa, muhesabu wadudu. Fanyeni vile juu ya mahali ambapo maji ya mashimo ya shaba yanaingia, kisha chini yake. Kama juu kuna namna nyingi, na chini kuna namna moja ao mbili tu, ao hakuna kitu, maji yale yameharibika, hata yakiwa meupe sana.

Lakini kuona wadudu wengi hakuonyeshi kwamba maji yanafaa kunywa; inapashwa kuyachemsha. Na maji yenye shaba, kuchemsha hakuisaidii: shaba inabaki ndani ya chungu. Tekeni juu ya mahali maji ya mashimo yanapoingia, na mumwambie chifu namna mulivyoona, juu na chini.