Jino bovu, ini bovu

Jino likishang'olewa hubaki shimo, na shimo hilo mara nyingi halishonwi. Unauma shashi kama nusu saa, damu inaganda, unakwenda zako. Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anaweza kufika nyumbani salama kisha akaamka usiku mto umelowa damu.

Protini nyingi zinazogandisha damu hutengenezwa na ini, kwa hiyo likichakaa hupungua. Kisha kuna bandama. Makovu huzuia damu itokayo utumboni kupita kwenye ini, presha hupanda katika mshipa unaoileta, na bandama huvimba na kunasa chembe sahani, zile zinazowahi kuziba mshipa uliochanika. Hapo ndipo hata mvuvi wa Ziwa Victoria aliyeishi miaka mingi na kichocho cha tumbo, kikamwachia makovu kwenye ini, huingia hatarini, ingawa ini lake pengine bado linafanya kazi vizuri.

Daktari wa meno akiambiwa mapema kuhusu ini, ataomba picha nzima ya damu ahesabu chembe sahani, pamoja na kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Chembe sahani zikishuka chini ya 50,000 kwa mikrolita, madaktari wengi wa meno hupendelea kazi hiyo ifanyike hospitali kubwa. Akiendelea, atang'oa meno machache kwa siku, ashone ufizi, na apunguze kiasi cha ganzi ya lidokaini, kwa kuwa ini ndilo linaloivunjavunja.

Lakini mimi naogopa zaidi kinachofuata, pale ganzi inapoisha na mgonjwa anapokwenda duka la dawa. Amesikia parasetamoli inaua ini, basi anaomba diklofenaki au ibuprofeni. Kwake hizo ndizo mbaya zaidi: hudhoofisha chembe sahani chache alizobakiwa nazo, huchubua tumbo, na kwa mwenye sirosisi zinaweza kuangusha figo. Parasetamoli huua ini ikizidishwa. Kwa kipimo kidogo ndiyo dawa ambayo madaktari huichagua kwanza kwa wagonjwa hawa, kwa kawaida isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, na mgonjwa asiguse pombe. Muuza dawa hatayajua haya yote kama mteja amesema tu, "Nipe ya jino."