Somo la Nane: Namna Manii Yanavyopatikana kwa Uchunguzi wa Daktari

Somo la leo ni la watu wazima. Aliye na watoto karibu na redio, afadhali awatume kazi kwanza.

Mume na mke wakikaa pamoja mwaka mzima bila kupata mimba, desturi yetu ni kumlaumu mke. Ataitwa tasa, atapelekwa kwa mganga huyu na yule, pengine ataletewa mke mwenza, na mume hajaulizwa hata neno moja. Lakini madaktari wameona kwamba katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo, mume naye ana sehemu yake katika sababu. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Jambo hilo halijulikani kwa macho. Hujulikana kwa hadubini tu.

Mtu aliyeandika kwanza habari za mbegu hizo ni Antoni van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft, Uholanzi, mwaka 1677. Alipowapelekea wataalamu wa London barua yake, alijihadhari kueleza kwamba manii yale ameyapata katika ndoa yake, bila kutenda dhambi. Basi mnaona, aibu hii si ya kwetu peke yetu, wala si ya leo.

Njia ya kawaida ni nyepesi. Mume hujizuia siku 2 hadi 7. Zikipungua, manii huwa machache. Zikizidi, mbegu nyingi huwa zimechakaa. Kisha hupewa chumba cha faragha karibu na maabara, na humo hutoa manii kwa mkono wake mwenyewe, katika kikopo safi chenye mdomo mpana alichopewa hospitalini. Asichukue chupa ya nyumbani, maana mabaki ya dawa au sabuni huua mbegu. Mate na mafuta ya kupaka pia huzidhuru. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata, kwa hiyo likimwagika, aseme. Asione haya, kwa maana akinyamaza ataandikiwa ugonjwa asio nao.

Akiruhusiwa kuleta kutoka nyumbani, kikopo kifike kabla ya saa moja kupita, kikiwa ndani ya nguo, karibu na mwili. Si katika barafu wala juani. Kwa wale ambao dini au dhamiri yao haikubali njia ya mkono, ipo mipira maalumu ya kuvaa wakati wa tendo la ndoa. Mipira ya kawaida haifai, kwani huharibu mbegu.

Je, kiasi gani kinatosha? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaonyesha kwamba katika wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, 95 katika kila 100 walikuwa na mbegu milioni 39 au zaidi kwa mara moja. Aliyepungukiwa asikate tamaa, bali apimwe tena. Mwili huchukua kama miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu, na homa kali ya juzi yaweza kuzipunguza leo.

Wako wasioweza kutoa manii kwa njia hiyo. Aliyeumia uti wa mgongo husaidiwa kwa chombo cha kutetemesha uume. Kisipofaa, daktari hupitisha kijiti cha umeme mdogo katika njia ya haja kubwa, na mwenye kuhisi maumivu hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi. Wafugaji wanakijua chombo cha namna hiyo, maana hutumika kwa mafahali. Haya yafanywe hospitalini tu, kwa sababu shinikizo la damu la mgonjwa laweza kupanda ghafula. Baadhi ya wenye kisukari nao, manii yao hurudi nyuma kibofuni, na mbegu hutafutwa katika mkojo.

Ikiwa mirija imeziba, mbegu huvutwa kwa sindano nyuma ya korodani, au hukatwa kipande kidogo cha korodani yenyewe, kwa ganzi au dawa ya usingizi. Zinazopatikana ni chache, lakini tangu 1992, kwa kazi iliyoanzia Brussels, Ubelgiji, mbegu moja tu huingizwa katika yai moja.

Mbegu zaweza pia kugandishwa. Mwaka 1953 madaktari wa Iowa, Marekani, walitangaza mimba zilizotokana na mbegu zilizogandishwa. Siku hizi huwekwa katika naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kijana anayetaka kuanza tiba ya saratani amwulize daktari habari hii kabla ya dawa ya kwanza, kwa kuwa dawa hizo huweza kukausha mbegu zisirudi tena.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza uchunguzi anaofanyiwa mke. Waume wasikilize pia.