Bei ya Kuanzia Haipandishi Dau

Wiki haipiti bila mtu kuniletea swali lilelile. Mpagazi anayeuza buti za mlimani alizoachiwa na mgeni, binti anayeuza simu iliyotumika, hata katibu wa AMCOS, ushirika wa wakulima, mwenye kahawa ghalani: “Mwalimu, mnadani nianzie bei gani ili wasinichukulie poa?” Jibu langu ni fupi na huwaudhi. Bei ya kuanzia haikupi heshima. Kazi yake ni moja tu, kukuzuia usiuze kwa bei utakayojutia. Ukiipa kazi nyingine, inafukuza wanunuzi.

Najua imani hii inakotoka. Inatoka Memorial, hapa Moshi. Pale sokoni muuzaji wa mitumba anataja elfu arobaini kwa koti ambalo angeliachia kwa elfu ishirini. Mteja anasema kumi na mbili, wanavutana, wanakutana kwenye ishirini na tano. Aliyetaja arobaini kweli kapata zaidi ya ambavyo angepata kwa kutaja ishirini na sita. Lakini tazama kilichoifanya mbinu hiyo ikubali: mteja keshasimama mbele ya meza, koti keshalijaribu, na anajua fika kwamba ile ni bei ya kusema tu, atapunguziwa. Kwenye mnada wa mtandaoni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Bei ya kuanzia haina punguzo. Anayeiona kubwa hakuandikii “punguza kidogo, dada.” Anapitisha kidole kwenda picha inayofuata, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuwepo.

Tuzichukue zile buti. Namba 43, soli bado nzima, kamba moja imebadilishwa. Tuseme kwenye kundi la mnada mtandaoni kuna watu wawili tu wanaozitaka kwa dhati: mmoja mwisho wake 60,000, mwingine mwisho wake 90,000. Ukianzia 10,000, dau litapanda mpaka wa kwanza aachie, na wa pili atazibeba kwa elfu sitini na kitu. Ukianzia 50,000 utaishia palepale, elfu sitini na kitu. Ukianzia 100,000, kimya. Bei ya kuanzia inakuongezea kitu pale tu inapoangukia katikati ya hao wawili: ukiweka 80,000, yule mwenye uwezo atalipa 80,000.

Hapo ndipo wabishi hunirukia: “Si umeona?” Nimeona. Ila namba hizo mbili nimezitunga mimi, wewe huzijui. Ungezijua, ungempigia simu yule wa elfu tisini mkamalizana, mnada wa nini? Sasa acha kubahatisha, mlete mtu wa tatu ambaye mwisho wake ni 85,000. Anzia hata buku. Buti zitaondoka kwa zaidi ya 85,000 na hukukisia chochote.

Hili halikuanza na mimi. Mwaka 1996 wanauchumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha kwa hesabu kwamba, katika mazingira ya kawaida ya mnada, muuzaji asiye na kiwango chochote cha chini lakini mwenye mnunuzi mmoja wa ziada hupata, kwa wastani, zaidi ya yule aliyepanga kiwango chake kwa ustadi wote wa dunia. Mwaka 2006 Gillian Ku, Adam Galinsky na Keith Murnighan walichunguza minada ya mtandaoni, ikiwemo ya eBay, wakakuta kwamba kuanzia chini mara nyingi kuliishia juu. Wengi waliingia kwa kuwa kuingia kulikuwa rahisi. Walioingia walishapoteza muda wao, hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Na wingi wao uliwaambia wengine kwamba kuna kitu cha maana pale. Kuna sharti moja, na watu hulisahau: jina la bidhaa lilipokosewa tahajia, hivyo wachache wakaiona, kuanzia chini hakukusaidia tena. Kinachopandisha bei ni umati. Ile namba ndogo kazi yake ni kuwafungulia waingie.

Anayedhani bei kubwa ya kuanzia inaita wanunuzi aikumbuke korosho ya 2018. Wakulima wa kusini walikataa bei za minadani, Serikali ikasema isiuzwe chini ya Sh 3,000 kwa kilo. Wanunuzi hawakukimbilia. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itainunua yote kwa Sh 3,300, na malori ya Jeshi yakatumwa kubeba mzigo. Sijadili hapa kama uamuzi ulikuwa sahihi. Nasema tu kwamba kiwango kile kilisimama kwa sababu aliyekiweka aliweza kununua mzigo mwenyewe. Wewe utajiuzia buti zako?

Na kahawa ya mlima wetu ndiyo haidanganyiki kabisa. Anayeshindania shehena katika mnada wa Bodi ya Kahawa hapa Moshi ameshaonja sampuli, analijua daraja, na bei ya soko la New York anayo mfukoni. Kule arabika inatajwa kwa senti za dola kwa ratili, kwetu kwa dola kwa kilo 50. Zidisha senti kwa 1.1023: senti 300 ni kama dola 331. Kutoka hapo mnunuzi anaongeza au anapunguza kulingana na kilichomo kikombeni. Februari 2025 New York ilivuka senti 400. Mwishoni mwa 2001 ilikuwa chini ya 50. Gharama za mbolea na vibarua za mkulima wa Kibosho hazikuisogeza namba hiyo hata mara moja, kwa hiyo tafadhali msiniletee daftari la matumizi mkiniambia hiyo ndiyo bei ya kuanzia.

Ile dawa ya mtaani ya kumpa shemeji simu apandishe dau, iacheni. Mara nyingi shemeji ndiye anayeshinda, na ada ya dalali unailipa wewe. Zaidi ya hapo, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji anayejipandishia dau kwa siri anampa mnunuzi haki ya kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai.

Basi ufanye nini? Kama bidhaa inatafutwa na wengi na kundi ni kubwa, anzia chini, robo ya unachotarajia au hata pungufu. Kama ni kitu cha watu wawili watatu, mtambo wa kukamua, vipuri vya trekta la zamani, shehena ndogo ya kahawa, anzia pale ambapo ukipewa senti chache zaidi ya hapo utauza bila kinyongo, na ukipewa pungufu afadhali kirudi stoo. Kiwango hicho kipate kwa kumuuliza mnunuzi wa mtaani angekupa ngapi leo, kisha jumlisha ada na nauli ya basi. Mfumo ukikuruhusu kuficha kiwango cha chini, sema wazi kwamba kipo. Jina la bidhaa liandike sawasawa, piga picha hadi ya kasoro. Funga mnada jioni, watu wakiwa na simu mkononi, usifunge saa nne asubuhi. Uza Desemba Wachagga wakiwa nyumbani na fedha. Januari ni ya ada za shule, kila mtu anauza. Kisipouzwa, subiri kidogo kisha shusha. Kukirudisha kila siku kwa bei ileile ni kutangaza kwamba hakina mtu.

Na kuhusu kuandika 49,999 badala ya 50,000: huu ni mnada, jamani. Dau la kwanza tu litaifuta.