Ganzi Ikiisha, Utafanyaje?

Gego la mwisho, lile linaloota kati ya miaka 17 na 25, mara nyingi hukosa nafasi, likalala upande na kuumiza ufizi. Ukiambiwa ling'olewe, usiiogope sindano. Ganzi huzuia neva isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Utasikia daktari anasukuma na kuvuta, basi. Ukisikia maumivu, inua mkono, atakuongezea.

Unatoka pale unajisemea, "Kumbe si kitu!" Subiri. Ganzi ya taya la chini huisha baada ya saa 3 hadi 5 hivi, na maumivu yakishapamba moto dawa huchelewa kuyashika. Kwa hiyo meza dawa mdomo ukiwa bado mzito. Kunywa kwanza uji wa vuguvugu, polepole, usije ukajing'ata ulimi.

Dawa gani? Parasetamo gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 unaweza kumeza pamoja nayo, mara 3 kwa siku, baada ya kula. Lakini kama una vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au ini, au una mimba, mwambie daktari kwanza. Aspirini achana nayo, inazidisha damu kutoka. Na zile kapsuli za rangi mbili alizobakiza dada? Hizo zinaua bakteria, maumivu hazitulizi.

Jambo kubwa ni lile bonge la damu linaloziba shimo. Ndilo linalofunika mfupa. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usitumie mrija. Sigara ndiyo mbaya kabisa. Kesho yake anza maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu.

Shavu kuvimba siku 2 au 3 ni kawaida. Lakini maumivu yakipungua halafu siku ya 3 yakarudi makali, yanapanda hadi sikioni, na mdomo unanuka, bonge limetoka. Usijaze karafuu ya kusaga shimoni, rudi kliniki. Wataliosha na kuweka dawa, ambayo, utashangaa, mara nyingi ina mafuta ya karafuu. Ukipata homa, ukishindwa kumeza, au uvimbe ukishuka shingoni, nenda hospitali usiku huohuo.