Moshi wa uwanja wa ndege una bei: Je, nani anailipa?

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

Wafanyabiashara wanaopeleka maua, mboga na minofu ya sangara Ulaya wanaifahamu vizuri bei ya kusafirisha kilo moja kwa ndege. Wanaifahamu pia bei ya mafuta ya ndege, kwa kuwa ikipanda na nauli ya mzigo hupanda. Ni wachache tu wanaofahamu kwamba ndani ya nauli hiyo imo pia bei ya moshi. Bei hiyo ilianza kutozwa mwaka 1997 katika uwanja wa Zurich, Uswisi, na baadaye ikaigwa na viwanja kadhaa vya Ulaya. Wiki hii ukurasa huu unaangalia jinsi viwanja vikubwa vinavyojaribu kusafisha hewa yao, fedha zinatoka mfuko upi, na hasara inaweza kumpata wapi mwenye mzigo au mwenye hisa aliyeko huku kwetu.

Kwanza moshi wenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kipimo kinachotumika kupimia injini zote kubwa za ndege. Kinahesabu muda kuanzia ndege inaposhuka chini ya futi 3,000, inapotua, inapotambaa kwenda kuegesha, hadi inaporuka na kuvuka tena futi hizo 3,000. Kuruka kumepangiwa sekunde 42. Kupanda ni dakika 2.2 na kushuka ni dakika 4. Kutambaa ardhini na kusubiri foleni kumepangiwa dakika 26. Kwa maneno mengine, kati ya dakika karibu 33 ambazo ndege inachafua hewa ya uwanja, 26 inakuwa chini, matairi yakiwa kwenye lami.

Hapo ndipo mtu wa biashara anapoona upenyo, maana kazi ya ardhini inaweza kufanywa kwa njia nyingine. Ndege iliyoegeshwa huwasha injini ndogo iliyoko mkiani ili kupata umeme na hewa baridi ya abiria. Kwa ndege ya ukubwa wa Boeing 737 injini hiyo hula kiasi cha kilo 100 za mafuta kwa saa. Ukiweka geti lenye waya wa umeme na bomba la hewa baridi, injini hiyo inazimwa. Trekta za kuvuta ndege, mikanda ya kupakia mizigo na mabasi ya abiria, vyote hivyo vinaweza kutumia betri badala ya dizeli.

Zurich walianza mapema kwa sababu walibanwa. Mwaka 1995 wapiga kura wa jimbo la Zurich waliidhinisha upanuzi mkubwa wa uwanja. Hata hivyo, sheria ya Uswisi inaruhusu wastani wa mikrogramu 30 tu za naitrojeni dayoksaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka, kiwango kikali kuliko cha 40 kilichokuja kuwekwa na Umoja wa Ulaya. Uwanja ukitaka kupanuka, ulitakiwa uoneshe jinsi utakavyozuia moshi usipanuke nao.

Walichofanya mwaka 1997 kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa biashara. Ada ya kutua ilipunguzwa kwa asilimia 5 kwa ndege zote. Kisha injini ziligawanywa katika madaraja matano kufuatana na uchafu wake. Daraja safi halikuongezewa kitu, na daraja chafu kabisa liliongezewa asilimia 40 ya ada ya kutua. Fedha za nyongeza zilitengwa kwa kazi za kupunguza uchafuzi hapo hapo uwanjani. Kwa hiyo mwenye ndege safi alipata punguzo na mwenye ndege chafu akalichangia. Vyuoni tulifundishwa kwamba gharama anayobebeshwa jirani asiyehusika ni lazima irudishwe kwa aliyeisababisha, lakini ni mara chache mtu hukuta nadharia hiyo imeandikwa kwenye ankara halisi, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Swissair, kampuni ambayo wasafiri wa zamani wa Dar es Salaam na Nairobi wanaikumbuka vizuri, ilikuwa imeshaanza mwaka 1995 kununua ndege za jamii ya Airbus A320 zenye injini za chumba cha kuchomea mafuta cha pete mbili, zilizobuniwa kupunguza oksaidi za nitrojeni. Swissair yenyewe ilifilisika mwaka 2001 kwa sababu nyingine kabisa, lakini ada iliendelea. Geneva na viwanja vya Sweden vilifuata mwaka 1998, London Heathrow mwaka 2004, na Frankfurt na Munich mwaka 2008. Mwaka 2010 Zurich iliacha madaraja yake na kuanza kupima kilo za oksaidi za nitrojeni kwa kila ndege, kama wenzake.

Hapa kuna jambo la kuwaangalisha wanaofikiri kwamba ndege mpya ni ndege safi kwa kila hali. Injini za kisasa zinabana hewa kwa nguvu zaidi ili zile mafuta kidogo. Kubana huko kunaongeza joto, na joto ndilo linalozaa oksaidi za nitrojeni. Kwa mujibu wa majedwali yanayotumiwa na jopo la wataalamu wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, Boeing 747-400 ya injini nne hutoa kiasi cha kilo 43 za oksaidi hizo katika kutua na kuruka mara moja, wakati Boeing 777, iliyokuja baada yake ikiwa na injini mbili tu, hutoa zaidi ya kilo 50. Airbus A320 hutoa kiasi cha kilo 9. Kwa hiyo kampuni ya ndege inayojisifu kuhusu mafuta inaweza kukuta ankara yake ya moshi imepanda.

Sasa tupige hesabu inayomhusu msomaji. Frankfurt ilianza mwaka 2008 kwa kutoza euro 3 kwa kilo moja ya oksaidi za nitrojeni. Chukua ndege ya mizigo aina ya 747-400: kilo 43 mara 3 ni euro 129. Ndege hiyo hubeba kiasi cha tani 100 za mzigo. Gawanya, unapata senti 0.13 ya euro kwa kilo. Boksi la waridi la kilo 10 linachangia kama senti moja na kidogo. Hata ada hiyo ikizidishwa mara tano, bado haimfilisi mkulima wa Naivasha wala wa Arusha.

Basi wanaolalamika kwamba ada za mazingira zinaua biashara ya maua wameshika mkia wakaacha kichwa. Kwa maoni ya safu hii, hatari iko kwenye nafasi ya kutua.

Angalia Schiphol, Amsterdam. Uwanja huo ni mlango mkuu wa maua ya Kenya, na mnada wa Aalsmeer uko jirani yake. Schiphol ulifikia ukomo wa safari 500,000 kwa mwaka, na kuanzia msimu wa baridi wa 2017 na 2018 ndege za mizigo ndizo zilizoumia kwanza. Kanuni inasema anayeshindwa kutumia asilimia 80 ya nafasi zake huzipoteza msimu unaofuata. Ndege ya abiria ina ratiba ya mwaka mzima. Ndege ya mizigo hufuata mavuno, na mavuno hayana kalenda ya ofisini. Mvua ikichelewa au wiki ya Valentine ikipita, ndege haijai na safari inafutwa. Nafasi zikaenda kwa wa abiria. Baadhi ya wasafirishaji walihamia Maastricht na Liège, Ubelgiji. Kutoka Liège hadi Aalsmeer ni zaidi ya kilomita 200 kwa lori la baridi, na kila saa njiani hupunguza uhai wa ua kwenye chombo cha mnunuzi.

Mwezi Juni 2022 serikali ya Uholanzi ilitangaza nia ya kushusha ukomo hadi safari 440,000. Sababu kubwa ilikuwa kelele, lakini suala la nitrojeni nalo lilikuwa mezani, kwa kuwa uwanja ulikuwa ukidaiwa kibali cha mazingira. Mpango huo ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya Umoja wa Ulaya na Marekani kuupinga. Baada ya mivutano hesabu ikatua kwenye safari 478,000, kuanzia Novemba 2025. Linganisha hasara ya kukosa ndege wiki ya Valentine na ile senti moja kwa boksi. Uwanja usiosafishwa kwa bei mwishowe husafishwa kwa rungu, na rungu halichagui mzigo unaooza.

Schiphol wenyewe hawakukaa bure. Mwaka 2015 walinunua mabasi 35 ya betri ya kubeba abiria hadi kwenye ndege, na wana lengo la kumaliza moshi wa shughuli za ardhini ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2020 walijaribu trekta maalumu inayoivuta ndege yenye abiria hadi karibu na njia ya kurukia, injini zikiwa zimezimwa, na walikadiria kuwa mafuta ya kutambaa yanaweza kupungua kwa nusu au zaidi. Uwanja wenye njia ya kurukia iliyo mbali kama ya Polderbaan unaona faida hiyo haraka.

Upo pia upande wa afya, ambao hauingii kwenye hesabu ya boksi la waridi. Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles walionesha kwamba chembechembe ndogo mno za moshi wa ndege zinasafiri na upepo hadi kilomita 16 kutoka uwanjani. Mwaka 2022 taasisi ya afya ya Uholanzi ilisema kukaa muda mrefu kwenye chembechembe za Schiphol huenda kukaathiri moyo. Anayezivuta kwanza ni mpakia mizigo anayesimama nyuma ya mkia wa ndege zamu nzima.

Mpakia mizigo huyo yupo pia Dar es Salaam, na anafanya kazi kwa kampuni ambayo baadhi ya wasomaji wetu wanamiliki kipande chake. Dahaco, iliyokuja kuitwa Swissport Tanzania, iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2003. Jina linaeleza asili: Swissport ilizaliwa ndani ya kundi la Swissair mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya ada ya Zurich. Biashara ya kampuni ya namna hiyo ni trekta, jenereta, ngazi na mikanda ya mizigo, yaani vifaa vile vile ambavyo Ulaya vinaondolewa dizeli. Trekta ya betri bei yake ya kununulia ni kubwa kuliko ya dizeli na gharama yake ya kila siku ni ndogo. Kwa mwenye hisa hilo linamaanisha gawio dogo sasa na ankara nyepesi ya mafuta baadaye. Ni swali halali kwenye mkutano mkuu: vifaa vya kampuni vina umri gani, na vitabadilishwa kwa vya aina gani?

Mombasa wameshapata mfano. Desemba 2018, kwa fedha za Umoja wa Ulaya kupitia ICAO, Uwanja wa Moi ulizindua mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 500 pamoja na vifaa vya kuipa ndege umeme na hewa baridi ikiwa imeegeshwa. Makisio yalikuwa kuokoa angalau tani 1,300 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Jua la Pwani halina ankara, ingawa betri na mafundi wanayo.

Kwa wauza mbegu, habari iko kwenye mafuta. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inataka mafuta ya ndege yanayouzwa katika viwanja vyake yawe na asilimia 2 ya mafuta yasiyotokana na petroli kuanzia 2025, asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050. Mafuta hayo yana salfa kidogo sana na hutoa masizi machache, hivyo yanasaidia hewa ya uwanja. Mei 2023 Kenya Airways iliruka nayo, yakiwa yamechanganywa na ya kawaida, kutoka Nairobi hadi Amsterdam. Yaliletwa na Eni ya Italia, kampuni ambayo mwaka 2022 ilifungua kiwanda Makueni cha kukamua mbegu za mbarika, pamba na nyinginezo, na mwaka huo huo ikasafirisha shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya mimea kwenda kiwanda chake cha Gela.

Kwa wanaofikiria kukwepa ndege kabisa, kontena la maua kutoka Mombasa hadi Rotterdam huchukua kama mwezi mmoja, na tangu meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zimechukua muda zaidi. Mikarafuu na aina chache za waridi huvumilia. Anayeuza aina laini ataendelea kuhitaji nafasi ya ndege, na kabla ya kusaini mkataba wa msimu ni vyema amuulize wakala wake ndege itatua uwanja gani, na nafasi hiyo ni ya nani.