Deni la Mifupa ni la Nani?

Asimamaye alfajiri katika njia zishukazo kutoka Mgeta au Kinole kuja Morogoro mjini hakosi kumwona bibi kizee aliyepinda mgongo. Akiuliza sababu, huambiwa: "Huyo amezaa sana, watoto wamemnyonya mifupa." Maneno hayo si mzaha. Mzazi kijana akiyaamini, huenda akamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati.

Usemi huo haukuzuka bure. Mtoto aliye tumboni huchukua kwa mama yake yapata gramu 30 za kalisiamu, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Anyonyapo, maziwa hubeba miligramu 200 au zaidi kila siku, na sehemu yake hutolewa mifupani. Katika miezi sita mifupa ya mgongo na nyonga huweza kupungukiwa madini kwa asilimia 3 hadi 5, pengine zaidi. Lakini huo ni mkopo, wala si wizi. Mtoto akiachishwa na hedhi ikarejea, mwili hulipa, na kwa kawaida mwaka haupiti sana kabla mfupa haujarudia hali yake. Kwa jumla, uchunguzi wa wanawake waliozaa na kunyonyesha mara nyingi haukuonyesha kuwa huvunjika zaidi uzeeni kuliko wenzao.

Kinachoupinda mgongo ni ukomo wa hedhi. Homoni iliyoilinda mifupa hupungua, nayo hudhoofu mwaka hadi mwaka, mtu awe amezaa wanane au hakuzaa kamwe, hata pingili zikabonyea. (Mizigo ya ndizi ibebwayo kichwani tangu utotoni ni shauri jingine, nasi wanaume twalijua.)

Tuliosoma chuoni twaikumbuka Suratul Baqara kwa ile miaka miwili ya kunyonyesha. Aya hiyohiyo yamwajibisha baba kumlisha na kumvika mama. Sehemu hiyo hatuitaji sana barazani. Binti wa miaka 15 aliyebebeshwa mimba, mifupa yake mwenyewe ingali ikijengwa, ndiye ahitajiye zaidi kulishwa.

Chakula chenyewe si cha anasa: dagaa waliwao wazima, na maziwa. Mgeta walikwisha kupata mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway tangu miaka ya 1980, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mbuzi akishakamuliwa asubuhi, kikombe cha kwanza hupewa nani?